Mwaka Ugali Wangu Ulipogongwa Muhuri

Mama mkwe wangu alikuwa hajawahi kumaliza sahani ya ugali wangu bila kusema kitu. Miaka tisa ya ndoa, hata siku moja. Hakuwa mkali, wala hakuwa mtu wa kununa. Alikula, akatafuna polepole, akatazama mlangoni kama mtu anayekumbuka jambo la zamani, kisha akasema. "Huu ni uji uliojaribu kusimama." Siku nyingine: "Ugali huu una haya, haupendi kuangaliwa." Kuna siku nilisonga mpaka bega likafa ganzi, nikamtengea, akala mpaka sahani ikabaki nyeupe, nami nikaanza kutabasamu. Akanawa mikono, akaifuta kwenye khanga, akasema, "Njaa ni kitu kibaya sana."

Mimi nimezaliwa Itigi, mji wa reli, katika nyumba ambayo unga ulikuwa sembe ya dukani. Yeye ni Mnyiramba aliyepanda uwele mwenyewe, akaupura mwenyewe, akausaga kwa jiwe mpaka mashine zilipofika kijijini kwao. Nilipoolewa na mwanawe, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, tulihamia Nduguti, hukohuko mkoani Singida, kwa sababu ofisi mpya na nyumba mpya zilikuwa zinajengwa huko na kila mwenye nyumba alitaka geti. Mama akaja kutusalimia kwa wiki mbili. Wakati wa mambo haya ninayoyasimulia, salamu ile ilikuwa imetimiza miaka minane.

Kazi yangu ilikuwa afisa mifugo kwenye mradi mdogo wa kuku wa kienyeji. Tulikuwa watumishi sita katika nyumba ya kupanga, tukiwa na pikipiki moja, kabati moja la chuma na Mratibu mmoja. Makao makuu ya mradi yalikuwa mbali na tuliyajua kwa barua tu, kama watu wanavyomjua mjomba aliyeko ughaibuni.

Mwanzoni mwa mwaka ikaja barua kwamba tutafundishwa kuweka malengo. Mkufunzi alitoka mjini, dada mchangamfu mwenye miwani na kalamu za rangi nne. Alituambia tufumbe macho, tujione miaka mitano ijayo. Nilifumba. Nilijiona niko palepale, kwenye kiti kilekile, ila nimenenepa. Mlinzi wetu alifumba akakoroma. Mkufunzi akasema hiyo nayo ni picha ya maisha, tusiidharau.

Alifundisha vizuri, lazima niseme. Alisema lengo lisilopimika ni dua tu. Usiandike "nataka kuwa mtu bora." Bora kwa kiasi gani? Nani atathibitisha? Lini? Alisema kuna malengo ya kazi na malengo binafsi, kuna ya muda mfupi na ya muda mrefu, na mtu asiyeyatenganisha huishia kumpeleka mtoto shule kwa ajili ya bosi na kufanya kazi kwa ajili ya majirani. Hapo nilikuwa naandika kwa bidii. Kisha simu yangu ikalia, nikatoka nje. Alikuwa mzee mmoja mfugaji, anataka kujua kama kuku anayepiga chafya anaweza kuliwa Jumapili. Mazungumzo yale yalichukua muda, kwa sababu mzee alikuwa ameshaalika wageni.

Niliporudi, fomu zilikuwa zimegawiwa na pilau ilikuwa inanukia chumba cha pili. Mkufunzi alisema atakayemaliza ndiye atakayepakua.

Fomu ilikuwa na safu mbili. Ya kushoto iliandikwa MALENGO YA MTUMISHI. Ya kulia, MALENGO YA MAENDELEO. Nikajiuliza, mtumishi ni nani? Ni mimi. Basi hapo kushoto ni mambo yangu mwenyewe. Na maendeleo ni nini? Tangu darasa la kwanza nimefundishwa kwamba maendeleo ni visima, majosho, madawati na chanjo. Basi kulia ni kazi. Sikuona sababu ya kuuliza. Kulia nikaandika: kuchanja kuku wote wa vijiji vyangu vitatu dhidi ya ugonjwa wa mdondo kila baada ya miezi mitatu. Kushoto, kwa kuwa mkufunzi alisema tuwe wakweli na tupimike, nikaandika hivi:

"Moja. Mama mkwe kumaliza sahani ya ugali wa uwele niliousonga mimi, bila kutia neno, mara tatu kwa wiki, ifikapo mwezi wa sita. Mbili. Kumwambia mume wangu ukweli kuhusu shati lake la kijani, kabla ya Pasaka."

Nikakabidhi, nikapakua pilau, nikasahau.

Wiki tatu baadaye Mratibu aliniita ofisini kwake. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkimya, anayevaa koti hata jua likiwa la kupasua mawe. Tulimwogopa kidogo. Niliingia, nikamwamkia, akaitikia bila kunyanyua macho kutoka kwenye karatasi iliyokuwa mbele yake.

"Afisa," alisema, "uwele unasagwa wapi hapa?"

Nikamwambia kuna mashine nyuma ya soko.

"Na unga wake ni mzuri?"

"Wa wastani, bosi."

Akaisukuma karatasi kwangu. Niliona mwandiko wangu, nikaona muhuri wa makao makuu, wa bluu, umekaa juu ya neno "ugali". Masikio yakapata moto: kumbe kushoto kulikuwa kwa kazi, na kulia kwa maendeleo binafsi. Nikaanza kueleza kwamba nilikosea safu, kwamba mtumishi nilidhani ni mimi, kwamba maendeleo nilidhani ni chanjo. Alisikiliza yote. Mwisho akakiri, kwa sauti ndogo, kwamba zile fomu alizisaini zote sita siku ya mwisho, gari la barua likiwa linaunguruma nje, na hakuzisoma.

"Sasa tuandike upya, bosi," nikasema.

"Haiwezekani. Imeshagongwa muhuri. Inafunguliwa mwakani."

"Hata kwa wino mweupe?"

Alishtuka kama nimemtukania mzazi. Miaka ya nyuma, kwenye kazi nyingine, alikuwa amepewa barua ya onyo kwa kufuta neno moja kwa wino mweupe. Mpaka leo, alisema, akiona chupa ile dukani anavuka barabara. Akafungua faili jipya, akaandika jina langu juu yake kwa herufi kubwa, akaniambia kwamba kwa mujibu wa karatasi hii kazi yangu ya mwaka ni ugali na shati, na kwamba yeye kama msimamizi wangu atahitaji ushahidi.

"Na kuku?" nikauliza.

"Kuku ni mambo yako binafsi. Ofisi haikuzuii, ili mradi usitumie mali ya ofisi."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Jumatatu iliyofuata nilichukua funguo za pikipiki ili niende kijiji cha kwanza kuchanja, akazichukua mkononi mwangu taratibu, akaniuliza safari ni ya nini. Nikasema ya chanjo. Akatikisa kichwa. Lakini Jumatano nilipomwambia nataka kwenda kusaga, alinipa funguo mwenyewe, akajaza daftari la safari: "Kikazi. Kusaga uwele." Hivyo ndivyo nilivyoishi miezi ile. Nilikwenda mashineni nyuma ya soko, mwendo wa dakika tano kwa miguu, kwa pikipiki ya mradi na kofia ngumu kichwani. Na nilikwenda vijijini, kilomita kumi na mbili za mchanga, kwa baiskeli ya mume wangu isiyo na breki ya mbele, kasha la chanjo likiwa limefungwa nyuma kwa mpira.

Niliondoka alfajiri ili niwakute kuku kabla hawajafunguliwa. Anayejua kuku wa Singida anajua kwamba wakishatoka bandani hawarudi kwa ajili ya afisa yeyote. Tone moja jichoni, unamshika kidogo mpaka apepese, unamwachia, unachukua mwingine. Hakuna aliyenisimamia. Hakuna aliyeniuliza taarifa. Mwaka uliotangulia, kazi ileile ikiwa ya ofisi, nilikuwa nachanja nusu ya kijiji na kurudi mapema kuandika taarifa ya kurasa nne kuhusu nusu hiyo. Sasa taarifa haikuwepo, basi muda wake wote ukaenda kwa kuku. Akina mama waliniona nafika natoka jasho kwa baiskeli wakadhani mradi umefilisika, wakanionea huruma, wakawa wananikusanyia kuku wa majirani zao pia. Nilianza kuwajua kwa sura. Kulikuwa na jogoo mmoja aliyekuwa akiniona tu anajipeleka mwenyewe mlangoni, anafumba jicho moja.

Lengo la shati nilijaribu kulikwepa. Mume wangu alikuwa na shati la kijani, kijani cha chura, lenye vifungo vya dhahabu na kola inayofika masikioni. Alilivaa kila sikukuu, kila harusi, kila msiba usio wa karibu. Lakini Mratibu alikuwa ananiuliza kila Ijumaa, "Pasaka inakuja, Afisa. Shati limefikia wapi?" Ikabidi. Jumamosi moja, akiwa amekaa nje ananoa tindo, nikamwambia.

"Mume wangu, lile shati lako la kijani, mimi silipendi. Sijawahi kulipenda."

Akaacha kunoa. "Hulipendi?"

"Silipendi kabisa."

"Siku nilipokuja kwenu Itigi kujitambulisha, si ulisema limenikaa?"

Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimesema hivyo mbele ya baba yangu, kwa adabu, sikujua niseme nini kingine. Na yeye kwa ajili ya neno lile moja alikuwa amelivaa miaka tisa, kwenye joto, ingawa, kama alivyoniambia sasa huku akicheka mpaka anashika ubavu, kola yake ilikuwa inamkata shingo tangu siku ya kwanza. Alilichukua palepale akalikata vipande vya kufutia mafuta ya mashine. Kipande cha mkono chenye kifungo nilimpelekea Mratibu. Alikibana kwenye faili, akaandika chini yake: "Limefikiwa kabla ya muda."

Ugali ulibaki. Nilijaribu kila njia. Nilichekecha unga mara mbili, nikapunguza maji, nikaongeza maji, nikabadilisha mwiko. Mama alikula, akatoa neno. "Leo umekuwa mgumu, unataka kunipa kazi ya fundi." Kesho yake: "Sasa umelainika, una mawazo gani?" Kila jioni nilikuwa nasubiri mdomo wake kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, naye hakujua lolote. Sikuthubutu kumwambia. Utamwambiaje mama wa mtu kwamba kunyamaza kwake kumeandikwa kwenye fomu?

Mwezi wa tano Mratibu alisema anakuja nyumbani kukagua. Nilimwomba asije. Akasema utaratibu ndio unavyotaka. Alifika saa saba mchana, na koti lake na faili kwapani. Akamwamkia mama kwa heshima zote, mama akaitikia marahaba akamuuliza habari za kwao mpaka wakagundua kwamba anatoka Mgori na kwamba mama aliwahi kwenda huko msibani. Nikatenga ugali wa uwele, mlenda na kuku. Mume wangu akaja na mikono yenye masizi, akanawa, tukala. Mratibu alikuwa hali sawasawa. Alikuwa anamtazama mama.

Mama akamaliza sahani. Mratibu akatoa kalamu. Mama akajilamba kidole, akasema, "Ugali wa leo ungekuwa mtu, ungekuwa mtu wa kuahidi."

Mratibu akafunga kalamu, akatoa pumzi. "Bado," akaniambia.

"Bado nini?" mama akauliza.

Nilimtazama Mratibu kwa macho yote niliyonayo. Lakini yeye hakuwa mtu wa kudanganya, zaidi sana mbele ya mkubwa. Akafungua faili, akasoma kwa sauti ya ofisini, neno kwa neno, kuanzia "Mama mkwe kumaliza" mpaka "mwezi wa sita". Mume wangu alipaliwa. Nikatazama mlenda.

Mama akaisogeza sahani yake kando. Kisha akasema, "Soma tena." Mratibu akasoma tena.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayepimwa?"

"Hapana, mama," Mratibu akasema, "anayepimwa ni Afisa."

"Lakini mdomo ni wangu."

Mama akaondoa macho kwa Mratibu. Akanigeukia. Nilidhani ataniambia nifungashe. Akasema, "Mwanangu, wewe ulitaka nile kimya?"

"Samahani mama. Nilitaka siku moja tu uridhike."

"Anayekula kimya ni mgeni. Mgeni anakula, anasema asante, anaaga. Mimi wiki mbili za mwanzo hapa nilikula kimya, hukumbuki? Sembe yako ile nilikuwa naila namezea maji. Nikasema nitaondoka salama. Halafu nikaona hapa ni kwangu, ndiyo nikaanza kusema."

Nilijitahidi kukumbuka. Ni kweli. Wiki zile mbili alikuwa anasema asante kila baada ya kula, na mimi nilikuwa nalala nikiwaza kwamba mama huyu hanipendi.

Kisha akamgeukia Mratibu, kwa sababu hakuwa amemaliza. "Na wewe uliyekuja kupima midomo ya watu, umejiandikia nini kwenye karatasi yako?"

Mratibu akasema ameandika kuimarisha uratibu.

"Huo ni wa ofisi. Wewe je?"

Akakohoa. Akalivua koti, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akasema kwamba nyumbani Mgori, pembeni ya msitu, baba yake alimwachia mizinga, na kwamba kila mwaka anawaza kurudi kulina asali, na kila mwaka anaandika kuimarisha uratibu. Hakuwahi kumwambia mtu. Alisema hivyo akiwa anautazama ugali wake uliopoa.

"Nyuki hawana haja na muhuri," mama akasema. "Kula."

Akala wote. Akaomba na nyongeza.

Mratibu alipoondoka, mama aliniuliza mwezi wa sita unaanza lini. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akasema basi tutalipata hilo lengo, hawezi kukubali mke wa mwanawe afeli kwa ajili ya mdomo wake. Jumatatu ya wiki ya mwisho ya mwezi wa tano alianza kunyamaza.

Sijawahi kuishi katika nyumba ya kutisha namna ile. Alikula, akanawa, akatazama ukuta. Mume wangu, ambaye hakuambiwa mpango, alimuuliza kama anaumwa. Akatikisa kichwa. Mume wangu akaniuliza mimi kama tumegombana. Jumanne jirani alikuja kuomba moto, akamkuta mama anakula kimya, akaenda kuwaambia wengine kwamba kwa fundi kuna jambo. Watu wawili wakaja na sukari, wakakaa sebuleni na nyuso za msiba, wakisubiri kuambiwa nani. Mimi mwenyewe usiku nilikuwa sipati usingizi. Nilijikuta jikoni naonja ugali uliopoa na kujisemea, "Huu una haya," ili tu neno lisikike ndani ya nyumba. Jumatano asubuhi nikamwomba mama aache. Akaniwekea kidole mdomoni. Mara tatu ni mara tatu.

Jumatano hiyo mchana Mratibu alikuja kushuhudia. Nilisonga ugali nikiwa na hofu, na pengine kwa hofu ile ulitoka vizuri kuliko siku zote. Hata mimi niliuona umesimama. Mama akala tonge la kwanza. La pili. Machozi yakaanza kumlengalenga. Shingo ikamcheza. Kalamu ya Mratibu ilikuwa hewani. Mama akamaliza sahani, akaipindua kuonyesha kwamba ni tupu, akanawa, akasimama, akatoka nje kwa mlango wa nyuma, mdomo umefungwa kama mfuko ulioshonwa kwa cherehani.

Kisha tukamsikia uani. Alikuwa anawaambia kuku.

"Ugali umenyooka, sina la kusema. Lakini mlenda! Chumvi ya mlenda, jamani! Anataka kutuua!"

Mume wangu akafunika uso. Mratibu akakaa na kalamu yake hewani, anawaza. Aliniuliza kama nadhani neno lililosemwa kwa kuku ni neno, na kama neno kuhusu mlenda linahesabika kwenye lengo la ugali. Nikamwambia sijui, bosi. Akawaza tena. Mwishoni akaandika: "Limefikiwa kwa sehemu. Shahidi: kuku." Halafu akacheka. Alicheka kwa sauti ya mtu aliyesahau inavyofanywa, kwa vipande vipande, na mama akarudi ndani kuuliza nani anaumwa.

Mwaka ulipoisha makao makuu walituma barua. Walisema kwamba katika kazi yangu nimefikia kiwango cha wastani na wanashauri nijitahidi zaidi kwenye ugali. Katika aya ya pili walinipongeza kwa maendeleo binafsi, kwamba, kwa habari walizopata kutoka vijijini, nimetumia muda wangu wa mapumziko kuchanja kuku wa vijiji vitatu, na kwamba mdondo haukuingia huko mwaka mzima, na wangependa niwafundishe watumishi wengine namna ya kutumia mapumziko. Niliisoma mara mbili. Mratibu hakuwepo kuieleza. Alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi, yenye sentensi moja, akaenda Mgori. Aliyekuja baada yake alinirudishia funguo za pikipiki siku ya kwanza, na taarifa ya kurasa nne siku ya pili. Baiskeli niliendelea nayo kwa wiki mbili kabla sijaizoea tena pikipiki.

Mama, kwa upande wake, alisimulia habari ile mtaa mzima, na kila alipoisimulia aliongeza kuku. Matokeo yake akina mama wakaanza kunijia jioni. Walikaa ukumbini, mmoja mmoja, na kusema wametumwa na mama niwaandikie lengo. Niliwaambia mimi si mkufunzi. Mama alinikatiza, akaleta daftari.

Mmoja alikuwa jirani yetu wa upande wa pili, mama wa watoto saba, anakamua alizeti, anauza vitunguu, anateka maji, na mumewe ana ng'ombe. Alikaa muda mrefu akikunja pindo la khanga. Nikamuuliza lengo lake ni nini.

"Nataka kulala mchana," akasema. "Siku moja. Bila mtu kuniuliza kama naumwa."

Nikashika kalamu, nikajaribu kuwa kama yule dada mwenye miwani. Nikamuuliza, hilo ni lengo la kazi au ni lako binafsi?

Akanitazama kama nimemuuliza jambo la kigeni. "Ni la kulala."

Mama akasema andika hivyohivyo. Akauliza siku, jirani akasema Alhamisi. Alhamisi hiyo, baada ya chakula cha mchana, mama alichukua kigoda chake akavuka kwenda kwa jirani, akakiweka katikati ya mlango, akakaa. Mimi nilikuwa uani kwangu naosha kasha la chanjo, naona na kusikia yote. Watoto walikuja kuuliza mama yao, akawafukuza. Akaja mnunuzi wa vitunguu. Akaja shemeji mtu. Mwisho akaja mume mwenyewe kutoka machungani, na fimbo yake, akauliza mke wake yuko wapi na kwa nini mlango umezibwa na mtu.

Mama hakuinuka. "Yuko kazini," akamwambia. "Na wewe kaa hapo kivulini, usipige kelele."

Mume akasimama kidogo, akatazama huku na huku. Kisha akakaa. Jirani alilala mpaka saa kumi na moja, akaamka analalamika kwamba mgongo unamuuma.